Chuo kinachotaka kijana kizungumze na ukoo wake

Hapa Lubumbashi, kijana akishapata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, hachagui chuo peke yake. Baba anauliza bei. Mama anauliza atalala wapi, atakula nini. Mjomba wa Likasi, ambaye huenda ndiye atakayetoa sehemu kubwa ya pesa, anataka kujua kama karatasi za chuo hicho zitakubalika akirudi kutafuta kazi kwenye makampuni ya migodi. Vyuo vya nje vinavyotuchukulia vijana vimelielewa jambo hili kuliko vyuo vyetu wenyewe, na linaniuma, maana sisi nasi tungeweza kuwavuta vijana wa nchi jirani.

Ufaransa ina jukwaa la Études en France: mwombaji anatuma faili yake kwa intaneti na kuifuatilia hatua kwa hatua. Vyuo vingi vya Uingereza vinatumia Unibuddy, ambayo inamwezesha kijana kuandikiana na mwanafunzi aliyekwisha kufika huko. Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa Georgia State, Marekani. Mwaka 2016 chuo hicho kilianza kutumia programu ya kujibu ujumbe wa simu, kikaiita Pounce. Waliokwisha kukubaliwa waliuliza habari za mikopo, nyumba na makaratasi, hata usiku wa manane, wakajibiwa. Idadi ya waliokubaliwa halafu wasionekane masomo yalipoanza ikapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Na hao wengi wao walikuwa nchini mwao. Sembuse mgeni, asiye na jirani wa kumuuliza!

Lakini mashine haimalizi kazi. Video nzuri ya bustani na maktaba haimwambii mama Mwislamu wa Kigoma kama nyama ya huku ni halali. Haimwambii mzazi wa Kitwe, Zambia, nani atampeleka mwanawe hospitali akiugua. Anayeandika majibu hayo lazima awajue watu. Ajue, kwa mfano, kwamba mzazi akinyamaza mbele ya karani huenda hajaridhika: anaona haya kuuliza bei mara ya pili.

Ujuzi huo sisi tunao. Kiswahili ni lugha ya taifa kwetu, na Kibemba kinasemwa pande zote mbili za mpaka wa Kasumbalesa, kati yetu na Zambia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilipoanzishwa mwaka 1955, jina lake lilitaja Kongo pamoja na Ruanda-Urundi. Tangu mwanzo hakikuwa cha Wakatanga tu. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vyuo vyetu vimekwisha kuanza mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ambao unarahisisha kulinganisha masomo ya nchi moja na nyingine. Kwa nini basi kijana wa Tanzania haji?

Kwa sababu ya Kifaransa, kwanza kabisa. Masomo ni kwa Kifaransa, na kurasa nyingi za vyuo vyetu kwenye intaneti pia. Basi tumfundishe kabla hajafunga safari: miezi sita ya Kifaransa kwa simu, mwalimu akieleza kwa Kiswahili. Tusikimbilie video. Mega za intaneti ni ghali na umeme unakatika. Sauti zilizorekodiwa na kurasa nyepesi zinatosha. Kila fakalti iwalipe wanafunzi wawili watatu wajibu WhatsApp kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza, badala ya kumtaka mgeni asafiri hadi aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi, ili aambiwe arudi kesho.

Na bei iandikwe yote tangu siku ya kwanza: masomo, nyumba, viza, pamoja na ada ndogondogo zinazochomoza katikati ya mwaka. Hizo ndizo zinazowavunja moyo wazazi hata wa hapa mjini, wa mitaa ya Kenya na Katuba, wanaoweza kwenda kulalamika kwa miguu. Mzazi aliye Mbeya atamwita tu mwanawe arudi nyumbani, na wadogo zake hawatakuja.