Obama alikuwa tayari? Mjomba alisema hapana

Jumatano ya Novemba 5, 2008, yapata saa moja asubuhi, nilikuwa kwa kinyozi nimenyolewa nusu ya kichwa. Televisheni ikatangaza kwamba Obama ameshinda urais wa Marekani. Kinyozi akaiweka mashine mezani ikiwa bado inanguruma, akakimbilia barabarani kushangilia na watu wa bodaboda, mimi nikabaki kitini na kichwa changu cha nusu. Kesho yake Rais Kibaki alitupa siku ya mapumziko. Kwenye baa, bia ya Senator ilikuwa imeshapewa jina jipya na wanywaji: "Leta Obama moja!"

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, hakushangilia. "Mtoto hajaosha sufuria hata moja, mnamkabidhi jiko la harusi," alisema, kisha akaanza hesabu, maana walimu hawaachi. Obama aliingia Seneti ya Marekani Januari 2005. Februari 2007 alikuwa amesimama Springfield akitangaza kuutaka urais. Kabla ya hapo alikuwa seneta wa jimbo la Illinois kwa miaka minane, na mwaka 2000 alipojaribu kwenda Baraza la Wawakilishi, Bobby Rush alimbwaga vibaya kwenye mchujo wa chama. Hakuwahi kuwa gavana, meya wala waziri. Mpinzani wake, John McCain, alikuwa bungeni tangu 1983.

Wakati ule nilimpinga mjomba kwa ushabiki tu. Damu ya Kogelo, kijiji cha baba yake, basi, mambo mengine yatajulikana mbele ya safari. Leo bado nampinga, ila hesabu yake siicheki tena.

Kilichonifanya nisiamini sana neno uzoefu ni Iraq. Oktoba 2002 Seneti iliidhinisha vita kwa kura 77 dhidi ya 23. Hillary Clinton alisema ndiyo. Joe Biden, aliyekuwa seneta tangu 1973, alisema ndiyo. John Kerry pia. Huko serikalini, makamu wa rais Dick Cheney aliwahi kuwa waziri wa ulinzi wakati wa vita vya Ghuba, na Donald Rumsfeld alikuwa ameishika wizara hiyohiyo miaka ya 1970 kabla ya kurudishwa. Ukitafuta chumba kilichojaa wakongwe kuliko hicho, utachoka. Obama naye, seneta wa jimbo asiyejulikana nje ya Illinois, alisimama kwenye mkutano wa hadhara Chicago Oktoba 2 akaipinga vita hiyo. Ni kweli hakuwa na kura ya kupiga, na kupinga ukiwa nje ya uwanja ni rahisi. Lakini alisema, na kumbukumbu ipo.

Wala si Marekani tu. Mwaka huohuo wa 2008 sisi Wakenya tulikuwa tumetoka kuzika zaidi ya watu elfu moja baada ya uchaguzi. Kibaki alikuwa mbunge tangu 1963, akawa waziri wa fedha, akawa makamu wa rais kwa miaka kumi. Mpinzani wake Raila Odinga naye hakuwa mgeni wa siasa. Uzoefu ulikuwepo wa kumwaga, na bado ilibidi Kofi Annan aje kuwakalisha meza moja. Kwa hiyo mtu akiniambia mgombea fulani hana uzoefu, namuuliza kwanza: uzoefu wa nini?

Hapo ndipo mjomba hunipata, kwa Guantánamo, jela ya Marekani kule Kuba walikowekwa washukiwa wa ugaidi.

Januari 22, 2009, siku mbili tu baada ya kuapishwa, Obama alitia saini amri ya kuifunga jela ile ndani ya mwaka mmoja. Wafungwa walikuwa kama 240. Kalamu, kamera, majenerali wastaafu wamesimama nyuma yake. Picha nzuri. Lakini wafungwa watapelekwa wapi? Jimbo gani litakubali kuwapokea? Nani atatoa hela za kuwahamisha? Majibu hayakuwa tayari. Mwezi wa Mei Seneti ilimnyima fedha hizo kwa kura 90 dhidi ya 6, na chama chake ndicho kilichokuwa na viti vingi! Baadaye Bunge likapitisha sheria za kuzuia wafungwa wasiguse ardhi ya Marekani. Aliondoka madarakani 2017 akiwaacha watu 41 mle ndani.

Mtu aliyekaa bungeni miaka ishirini angehesabu kura kabla ya kufungua kalamu. Angejua kwamba seneta anayekupigia makofi hadharani anaogopa tangazo la televisheni litakalomwambia mpiga kura wake kwamba magaidi wanahamia jirani. Hilo halisomwi chuo kikuu hata uwe mwalimu wa sheria ya katiba, kama alivyokuwa yeye. Na gharama ya kujifunza kazini haikumwangukia yeye. Iliwaangukia waliokuwa kwenye vyumba vile, baadhi yao wakiwa wameshakaa miaka bila kufunguliwa mashtaka.

Hata hivyo alijua anachopungukiwa. Alimchukua Biden, yule yule aliyekosea Iraq, awe makamu, kwa sababu mzee alijua njia za panya za Seneti. Wapo wageni wengi wa siasa ambao wangejizungushia mashabiki wao.

Kwa hiyo ningekuwa na kura kule, ningempigia? Ndiyo, ningempigia. Kati ya mtu anayejua makufuli yote ya nyumba na anayejua chumba kipi hakifai kuingiwa, namchukua wa pili, nikijua kuna milango atagonga bure.

Mjomba bado ameliweka gazeti la ile wiki kwenye sanduku, limegeuka rangi ya chai. Nikimkuta amelitoa, najua atakachouliza kabla hata sijavua viatu: "Ile jela, ameshaifunga?"