Jengea ndani ya kontena, saini nje

Hapa Mbeya tumelewa kontena. Kutana na watengenezaji wa programu za simu, wawe wale waliomaliza chuo juzi kule Iyunga au wenye vyumba vya kazi Soweto na Mwanjelwa, kila mmoja atakwambia kazi yake sasa iko kwenye Docker, programu inayofungia vifaa vyote vya kujengea ndani ya kasha moja kwenye kompyuta, nalo ndilo kontena. Kwa hilo sina ugomvi nao. Ninachogomba ni ile tabia ya kuchukua ufunguo wa kusainia programu, yaani faili la siri linaloonyesha programu imetoka kwako, na kuufungia humohumo, halafu imeji nzima (nakala ambayo kontena hutokana nayo) inapandishwa mtandaoni ili wenzao waishushe.

Faida ya kontena naijua. Programu ya Android inataka Java ya toleo fulani, Gradle (chombo kinachoendesha ujenzi) ya toleo fulani na vifaa vya Android vya toleo fulani, na vitatu hivyo vikipishana kidogo tu, ujenzi unagoma. Mwenzako yuko Iringa, anakupigia simu usiku: "Kaka, mbona kwangu inakataa?" Ukiandika Dockerfile moja, yaani faili la maelekezo ya kutengeneza imeji, nyote wawili mnajenga kwa vifaa vilevile na simu za usiku zinapungua. Bando nalo linapona, ilimradi hifadhi ya Gradle umeiweka kwenye volyumu, yaani folda inayobaki nje ya kontena. Usipofanya hivyo, kila kontena jipya litapakua maktaba zilezile upya na bando litakata kabla ya chai ya saa nne. Kuna na hili ambalo wengi hawalitumii: amri ya docker save inaigeuza imeji kuwa faili moja. Litie kwenye flashi, mpe mtu anayepanda basi la Tunduma, na kule watalifungua kwa docker load bila kugusa intaneti.

Tuje kwenye saini. Simu ya Android haiingizi programu isiyosainiwa. Toleo jipya likija na saini ya ufunguo tofauti na ule wa toleo lililomo, simu inalikataa, na mtumiaji hana njia ila kufuta programu na kuanza upya. Akifuta, kumbukumbu alizoziweka ndani ya simu zinaondoka nayo.

Kontena lina mtego wake hapa. Unapojenga toleo la majaribio, vifaa vya Android vikikosa ufunguo wa majaribio hujitengenezea wenyewe na kuuweka kwenye folda ya mtumiaji. Kontena likifutwa, ufunguo umekwenda nalo. Kesho unajenga kwenye kontena jipya, unazaliwa ufunguo mwingine, na simu ya anayekufanyia majaribio inalikataa toleo la leo. Watu wanailaumu simu. Dawa yake ni rahisi: tengeneza ufunguo mmoja wa majaribio, uweke pamoja na msimbo, kila kontena liutumie huo. Hauna siri yoyote. Nenosiri la kawaida la ufunguo wa majaribio ni "android", na dunia nzima inalijua.

Ufunguo wa kweli ni habari nyingine kabisa. Nimeona Dockerfile zinazonakili faili la ufunguo ndani ya imeji, zinasaini, kisha mstari unaofuata unalifuta, na mwenyewe ameridhika. Imeji ya Docker ni matabaka. Faili ulilolifuta kwenye tabaka la juu bado liko zima kwenye tabaka la chini, na yeyote aliyeishusha imeji hiyo anaweza kulichomoa. Nenosiri ulilolipitisha kama kigezo cha ujenzi nalo linasomeka kwa amri ya docker history. Ipo njia halali ya kuingiza siri wakati wa kujenga bila kuiacha kwenye tabaka, na anayeijua vizuri aitumie. Mimi bado naona kujenga na kusaini ni kazi mbili. Kontena litoe APK (faili lenyewe la programu) isiyosainiwa. Kisha upite zipalign inayopanga yaliyomo kwenye faili hilo, halafu apksigner inayolisaini, kwa mpangilio huohuo, kwa sababu ukianza na saini ukamalizia na zipalign umeiharibu saini. Ukitaka hata kusaini kufanyike ndani ya kontena, sawa, liwe kontena jingine lililokatiwa mtandao, na folda ya ufunguo iunganishwe kwa kusomwa tu.

Barua ya kijiji unaweza kuichapishia stesheneri yoyote pale Kabwe. Muhuri wa kijiji hauachwi stesheneri.

Na muhuri huo, yaani ufunguo, ni wa nani? Hapa ndipo wenzangu wengi hatuelewani. Chama cha ushirika cha wakulima wa kakao Kyela au wa kahawa Mbozi kinalipia programu ya kupokelea mazao, kijana anaisaini kwa ufunguo ulioko kwenye kompyuta yake, kazi imekwisha, pesa imelipwa. Mwaka wa pili kijana kapata ajira Dodoma. Chama kina programu ambayo hakuna mtu mwingine awezaye kutoa toleo lake jipya.

Wataniambia Google imeshalimaliza hilo. Kwa sehemu, ndiyo. Tangu Agosti 2021 programu mpya zinazoingia Play, duka la programu la Google, zinapelekwa kama App Bundle (kifurushi ambacho Google ndiyo inakigeuza kuwa APK), Google inashika ufunguo wenyewe wa saini, na wewe unabaki na ufunguo wa kupandishia tu, ambao ukipotea unaweza kuomba kubadilishiwa. Lakini programu ngapi za vyama vyetu zinapita Play? APK inatumwa WhatsApp kwenye kundi la wanachama, au inahamishwa kwa Bluetooth ghalani. Kwenye njia hiyo hakuna ofisi ya kuomba ufunguo mwingine. Na ufunguo wenyewe si wa msimu mmoja: Google inashauri udumu miaka 25 au zaidi.

Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba ufunguo ni mali ya chama. Flashi mbili, moja kwa katibu na nyingine mahali pengine kabisa, nenosiri kwa mwenyekiti. Katibu hahitaji kujua keytool, chombo cha kutengenezea funguo, ni nini.

(Wa iPhone wanisamehe. Xcode, chombo cha Apple cha kujengea programu, haitoki nje ya macOS ya kompyuta za Mac, kwa hiyo kontena la Linux haliwasaidii, na dola 99 za kila mwaka kwa Apple zinawasubiri.)

Wapo watakaosema kusaini kwa mkono kunachelewesha. Kama unatoa toleo kila siku, weka ufunguo kwenye hifadhi ya siri ya mtambo wako wa kujengea uendelee na kazi. Programu ya chama hupata toleo jipya msimu wa mauzo ukikaribia, basi. Sioni kwa nini katibu asitoke na flashi yake mfukoni siku hiyo, akae pembeni yako hadi usaini, kisha aondoke nayo.