Pua Yetu Imepata 6.1

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 22. Juzi alinisogelea kwenye kochi, akanipa simu yake na kusema, "Shangazi, hebu ona walivyoniambia." Nikauliza akina nani. "Hii programu ya akili mnemba inayopima sura."

Uso wake ulikuwa umechorwa mistari myeupe kama ramani ya kiwanja kinachopimwa. Mstari mmoja umeshuka kutoka paji la uso hadi kidevuni, mwingine umekatiza puani, na nukta zimepangwa kwenye pembe za macho na midomo. Chini yake kulikuwa na namba: 6.1 kati ya 10. Kisha maelezo: pua ni pana kuliko "uwiano bora", kidevu kimerudi nyuma kidogo, mdomo wa juu ni mnene kuliko inavyotakiwa. Na mwisho kabisa, kitufe cha bluu: weka miadi na daktari.

Hapo mniwie radhi, nina maslahi binafsi. Pua ile ni yangu. Ni ya baba yangu kwanza, akatugawia mimi na kaka, kaka akampa binti yake. Nimetembea nayo zaidi ya miaka 50, imenusa, imepiga chafya, imeshika miwani, na hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kuiandika kwenye faili langu kama tatizo. Leo simu inaniambia ukoo mzima ni wagonjwa.

Nikamwambia anipige picha na mimi. Nikapata 5.4, bila shaka makunyanzi nayo yana makato yake. Nikahamia dirishani penye mwanga, nikamwomba asimame mbali kidogo, apige tena. 6.7! Dakika mbili hazijaisha, sijapasuliwa wala kuchomwa sindano, nimepanda alama moja na nukta tatu. Kipimo cha sukari kikiruka namna hiyo kwa mgonjwa yuleyule, kinatupwa siku hiyohiyo.

Na hakuna mazingaombwe hapo. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walipiga hesabu wakaonyesha kwamba selfi ya sentimita 30 kutoka usoni huipanua pua kwa karibu 30% kuliko ilivyo. Ukirudi nyuma mita moja na nusu, upotoshaji huo unakwisha. Kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa, basi. Lakini binti anaipiga picha pua yake kwa urefu wa mkono, picha inaipanua, programu inaipima ile iliyopanuliwa, halafu anayetakiwa kulala mezani akatwe ni yeye, si kamera.

Huo "uwiano bora" nao wameutoa wapi? Hili linanikera kuliko mengine yote. Mwaka 2016 yaliandaliwa mashindano ya urembo yaliyoitwa Beauty.AI, majaji wakiwa ni programu tupu, na tukaahidiwa kwamba mashine haina upendeleo. Watu wapatao 6,000 kutoka nchi zaidi ya 100 wakatuma picha. Washindi walikuwa 44, karibu wote weupe, na mwenye ngozi nyeusi alikuwa mmoja tu. Mwaka uliofuata FaceApp, programu ya kuhariri picha za uso, wakaleta filta ya kumfanya mtu avutie zaidi, na kazi yake kubwa ikawa kumng'arisha ngozi. Wakaomba radhi, wakasema tatizo ni picha zilizotumika kuifundisha. Sawa, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini ukishajua umemlea vibaya, humvalishi koti jeupe ukamweka mlangoni awapokee wagonjwa.

Koti jeupe ndilo ugomvi wangu. Filta ya kuchezea nisingeiandikia makala. Watu wamejipaka, wamejisuka na kujikwatua tangu dunia iumbwe, na mimi mwenyewe napaka nywele rangi kila baada ya wiki tatu, kwa hiyo sina mamlaka ya kuhubiri. Lakini programu hii haikusema "ungependa kuwa hivi?" Ilisema "tumechambua", ikasema "upungufu", ikasema "matibabu yanayopendekezwa". Imeazima lugha ya hospitali ili kuuza kitu ambacho hakuna aliyekuja kukiulizia. Yule binti aliifungua kwa mchezo tu, akiwa na rafiki zake. Akatoka na orodha ya magonjwa matatu.

Kuna watakaoniambia kwamba akili mnemba inaokoa maisha. Najua. Nchini Uswidi waliijaribu kwenye uchunguzi wa saratani ya matiti kwa wanawake zaidi ya 80,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba mzigo wa madaktari wa kusoma picha ulipungua kwa 44% bila idadi ya saratani zilizogunduliwa kupungua. Hongera zao, nasema kutoka moyoni. Ila angalia tofauti. Mashine ikisema hapa pana uvimbe, kinyama kinakatwa, kinapelekwa maabara, na maabara inajibu ndiyo au siyo. Mashine inaweza kuumbuka. Sasa ikisema pua ni pana mno, tunapeleka nini maabara? Nani ataiumbua? Haina jibu sahihi la kukosea, kwa hiyo haikosei kamwe, na kisichokosea kamwe ni rahisi sana kukiuza.

Kisha ikamwonyesha picha ya "baada ya". Sekunde tatu tu, uso wake na pua ya mtu mwingine. Hakuna uvimbe, hakuna macho yaliyovilia damu, hakuna kovu, hakuna zile wiki za kulala chali ukipumulia mdomoni. Daktari mwaminifu hukueleza kwamba pua huchukua hadi mwaka mzima kutulia, na kwamba wapo wanaolazimika kurudi mezani mara ya pili. Mgonjwa anatakiwa aridhie akiwa anaelewa anachoridhia. Ataelewaje wakati ameshaonyeshwa picha ya kitu ambacho hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuahidi? Na upasuaji si kubadili pazia. Ule wa kuhamishia mafuta kwenye makalio, mafuta yakiingia kwenye mshipa yanakwenda moja kwa moja mapafuni; mwaka 2017 jopo la madaktari wa upasuaji wenyewe lilikadiria kwamba wakati huo ulikuwa unaua karibu mtu mmoja kati ya 3,000 waliofanyiwa.

Sitaki mniweke kundi la wanaosema kila kisu cha uso ni dhambi. Fani hii ya kisasa ya upasuaji wa kurekebisha sura ililelewa na akina daktari Harold Gillies, kule Sidcup, Uingereza, kuanzia 1917, wakishona nyuso za askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia bila taya. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, mtu aliyeungua, mama aliyeondolewa titi kwa saratani, nani atawanyima? Hata mtu mzima asiye na jeraha lolote ila haipendi pua yake, mwili ni wake. Nakubali, ingawa nakubali nimekunja uso.

Lakini huyo mtu mzima anastahili kukutana kwanza na mtu anayeweza kumwambia hapana. Kuna watu wanaougua kweli, wanaoishi na imani kwamba uso wao una kasoro ambayo wengine hawaioni, na kwa hao kisu mara nyingi hakimalizi kitu. Wakitoka puani wanahamia kidevuni. Daktari anayejua kazi yake hukaa nao na kuuliza: ulianza lini kuichukia? Nani alikwambia? Unajitazama kwenye kioo mara ngapi kwa siku? Akisikia majibu fulani anaweka kalamu chini na kuwaelekeza kwa wataalamu wa afya ya akili, na siku hiyo anapoteza mteja. Nioneshe programu iliyotengenezwa kupoteza mteja.

England tangu Oktoba 2021 ni kosa kumdunga aliye chini ya miaka 18 sindano za kujaza midomo kwa ajili ya urembo. Vizuri. Kumwambia akiwa na miaka 14 kwamba midomo yake imekosewa, hilo bado ni ruksa.

Nilimuuliza binti kama ameweka miadi. Akasema bado, anafikiria. Sikumhubiria. Badala yake nikatoa albamu, tukatafuta picha ya babu yake, ile ya pasipoti ambayo pua imejaa fremu nzima, tukaipiga picha na kuiingiza kwenye programu. Mistari myeupe ikamzunguka mzee, ikamkatiza, ikafikiri kidogo. Imempa 4.9. Inapendekeza apunguzwe pua na kuinuliwa kope, na kama yuko tayari, wana nafasi Alhamisi.

Alifariki 2009. Binti amecheka mpaka machozi, kisha akakaa kimya akiitazama ile picha, akashika pua yake kwa vidole viwili.