Mimbari na Kitanda cha Mgonjwa: Mtumishi wa Dini na Lugha Anayojifunza Ukubwani

Kila dini inayotuma watu nje ya mipaka ya lugha yao hukutana na swali moja la vitendo. Mtumishi aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 30 au 40 atumie miaka yake ya kwanza darasani, akijifunza lugha ya watu aliotumwa kwao, au aanze kazi mara moja kwa msaada wa mkalimani na kuwaachia mengine wale waliozaliwa ndani ya lugha hiyo? Wanaotetea kujifunza husema hakuna njia nyingine ya kumfikia mtu. Wanaopinga husema gharama ni kubwa na mavuno ni haba. Pande zote mbili zina hoja nzito. Hata hivyo, zote hubishana zaidi kuhusu mimbari, mahali ambapo, nionavyo mimi, umahiri wa lugha ya kigeni unahitajika kidogo kuliko penginepo pote katika kazi hii.

Wapo waumini waliotumaini kwamba jambo hili lingetatuliwa kutoka juu, kama inavyosimuliwa katika sura ya pili ya Matendo ya Mitume, ambapo mitume walijaliwa kunena lugha za mataifa bila kuzisomea. Baada ya uamsho wa Kipentekoste wa Azusa Street mjini Los Angeles, ulioanza mwaka 1906, mhubiri Alfred Garr na mkewe Lillian walisafiri hadi Calcutta wakiamini kwamba lugha walizonena katika maombi zilikuwa lugha za India, na kwamba wangeweza kuhubiri bila kuzisomea. Hawakueleweka. Garr hakuiacha imani yake kuhusu kunena kwa lugha, ila aliacha kuitegemea kama chombo cha kuhubiria. Na walipofika Hong Kong mwaka 1907, mahubiri yao yalipitia kinywani mwa mwalimu wa shule aitwaye Mok Lai Chi. Kisa hiki hutajwa sana kama onyo kwa wanaotafuta njia ya mkato, lakini kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi: Mok, yule mkalimani, ndiye aliyekuja kuliongoza kusanyiko lililozaliwa huko, na mwaka 1908 akaanza kutoa gazeti lake kwa Kichina. Mgeni hakuijua lugha, na kazi ikasimama kwa sababu mwenyeji aliishika. Mtu anayepinga kupoteza miaka darasani hahitaji mfano bora kuliko huo.

Tena hesabu ya muda inamuunga mkono. Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani imekuwa ikifundisha lugha watu wazima kwa miongo mingi, na makadirio yake ni saa 600 hadi 750 za darasani kwa Kifaransa au Kihispania, takribani 900 kwa Kiswahili, na 2,200 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea, kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiingereza. Hao ni watu wanaolipwa ili wasome, katika madarasa madogo, kutwa nzima. Mchungaji mwenye ibada, mikutano na mazishi, ambaye kwa juma hupata saa tano tu za masomo, atahitaji miaka miwili na nusu au mitatu kwa Kifaransa, na zaidi ya minane kwa Kichina, ikiwa hataugua wala kuhamishwa. Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, aliyeanza Kiebrania akiwa mtu mzima huko jangwani Siria, alikiri baadaye kwamba mara nyingi alikata tamaa akaacha, kisha akarudi tena kwa hamu ya kujua. Na huyo alikuwa mmoja wa wasomi hodari wa lugha katika zama zake.

Kuhusu umri, hoja ya wapinzani kwamba mtu mzima amechelewa kujifunza lugha hupewa uzito kuliko inavyostahili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia majibu ya watu takribani 670,000 kwenye jaribio la sarufi ya Kiingereza, ulionyesha kwamba uwezo wa kujifunza sarufi huendelea kuwa imara hadi karibu na umri wa miaka 17, kisha hushuka. Kilichopimwa hapo ni uwezo wa kuifikia sarufi ya mzawa, na hakuna mgonjwa anayemkataa mfariji wake kwa sababu amekosea upatanisho wa sentensi. Mtu mzima ana hasara katika lafudhi na katika kasi, lakini ana nidhamu, ana sababu ya kujifunza, na anajua mambo ambayo watu huyazungumza wakiwa na huzuni. Tatizo lake halisi ni saa, na saa hazimwongezeki.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni ya nani anayepaswa kusimama mbele. Mgeni anayeimudu lugha vizuri huendelea kushika nafasi ambayo mwenyeji angeweza kuishika vizuri zaidi, na kadiri anavyosifiwa kwa ufasaha wake ndivyo inavyokuwa vigumu kwa waumini kumwambia kwamba wakati wake umekwisha. Zipo serikali zilizoamua jambo hili kwa sababu zao wenyewe. Mwezi Desemba 2023 Ujerumani ilitangaza makubaliano na Uturuki ya kusitisha hatua kwa hatua utaratibu wa kutuma maimamu kutoka Uturuki kwenye misikiti ya Ujerumani, na badala yake takribani maimamu 100 kwa mwaka wafundishwe humo humo nchini. Siasa za uhamiaji na za ushawishi wa dola ya kigeni zimo ndani ya uamuzi huo, hilo halifichiki; lakini ndani yake limo pia jambo ambalo kiongozi yeyote wa dini anaweza kulikubali bila siasa, kwamba kijana wa Kiislamu aliyekulia Cologne anahitaji kuulizwa na kujibiwa kwa lugha anayoiotea ndoto.

Kwa nini basi nisimalizie hapo, nikasema wenyeji wafundishwe na wageni wabaki na wakalimani? Kwa sababu bado hatujaingia chumbani.

Mchukulie mama mzee aliyelazwa, na mtumishi mgeni amekuja kumtazama. Mkalimani ni mjukuu wa mama huyo, au mzee wa kanisa anayeifahamu familia tangu zamani. Mgonjwa anazungumza kwa dakika tatu hivi: anasita, anarudi nyuma, anataja jina la ndugu ambaye hawakusemezana kwa muda mrefu, ananyamaza, anafuta macho, anaanza jambo lingine. Mkalimani anamgeukia mgeni na kusema, kwa heshima zote, "Anaomba umwombee." Hakusema uongo. Ameficha aibu ya familia, jambo ambalo mtu mwenye adabu hulifanya mbele ya mgeni, na pengine mgonjwa mwenyewe, akijua nani anasikiliza, alikwisha kuyapunguza maneno kabla hayajafika kwa mkalimani. Mtumishi anasali sala nzuri na kuondoka, na lile lililomleta mama yule hadi ukingoni mwa kulia halikuguswa na mtu.

Kanisa Katoliki lilikwisha kuliona jambo hili. Kanuni ya 990 ya sheria zake za mwaka 1983 inasema hakuna anayezuiwa kuungama kwa njia ya mkalimani, mradi matumizi mabaya na makwazo yaepukwe, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Kwa hiyo njia ipo, na ni halali. Lakini ni waumini wangapi watakaoitumia kwa hiari, mkalimani akiwa ni mtu wa mtaa wao? Sheria inaweza kumfunga mkalimani ulimi. Haiwezi kumwondoa chumbani.

Hapo ndipo ninaposema mimbari imetupoteza. Kwa karne nyingi padre wa ibada ya Kilatini aliweza kuadhimisha misa popote bila kujua neno la wenyeji, na imamu hadi leo anaweza kuswalisha mahali popote duniani, kwa kuwa Kiarabu cha swala ni kile kile. Lakini padre huyo, hata kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango wa lugha za watu katika liturujia mwaka 1963, hakuweza kusikiliza maungamo kwa Kilatini, na imamu hawezi kupatanisha mume na mke kwa aya peke yake. Lugha ya ibada ilitatua tatizo la mgeni mbele ya watu wengi. Mbele ya mtu mmoja haikulitatua kamwe.

Kuna hatari nyingine ambayo watetezi wa kujifunza huwa hawaitaji. Lugha ya dini ina maneno yanayojirudia, na mtu mwenye kumbukumbu nzuri huishika mapema kuliko lugha ya nyumbani. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho huwafundisha vijana wake lugha kwa wiki chache tu kabla ya kuwatuma, na sala ni miongoni mwa mambo ya mwanzo wanayojifunza. Ni mpango wenye akili kwa vijana watakaoshinda mitaani wakizungumza na watu kila siku. Mtu mzima anayebaki ofisini na madhabahuni hana mtaa huo. Baada ya mwaka mmoja anaongoza ibada bila kukwama, waumini wanampongeza, na wote wanadhani ameijua lugha, hadi mtu anapomfuata mlangoni kumwuliza jambo lisilomo katika kitabu cha ibada. Anatabasamu, anatikisa kichwa, anasema "Mungu akubariki." Muumini anaondoka akiamini amesikilizwa. Ufasaha wa namna hii una madhara kuliko kutojua kabisa, maana asiyejua huita mkalimani.

Na hapa wapinzani wana haki ya kujibu kwamba, ikiwa kusikiliza ndiko kunakotakiwa, basi hali ni mbaya zaidi. Mzee mgonjwa huongea kwa sauti ya chini, kwa lahaja yake, huenda meno yamemtoka. Aliyefiwa humeza nusu ya maneno. Huko ni kusikiliza kugumu kuliko kote, na aliyesoma saa mia tatu hatakuweza. Nakubaliana nao kabisa. Kujifunza nusu nusu humpa mtumishi mimbari na kumnyima chumba, yaani humpa kile ambacho mwenyeji angekifanya vizuri zaidi.

Faida ya kujifunza hadi mwisho haiishii kwenye masikio tu. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza mwaka huo huo kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji, Mwislamu aliyekuwa na kila sababu ya kumwacha ahangaike peke yake. Mmisionari Mwingereza Robert Morrison, aliyefika Guangzhou mwaka 1807, alifundishwa na Wachina ambao sheria ya dola yao iliwakataza kuwafundisha wageni, adhabu ikiwa kifo; alimbatiza mtu wa kwanza mwaka 1814, miaka saba baadaye, ingawa marufuku ya kuhubiri ilichangia ucheleweshaji huo pia. Majina ya walimu hao hayajulikani sana kama ya wanafunzi wao. Hata hivyo mgeni aliyekaa miguuni pa mwenyeji miaka kadhaa, akasahihishwa kila siku, amejua angalau ni nani katika mji ule mwenye maarifa. Wengine huongeza kwamba kujifunza lugha humfunza mtu unyenyekevu. Sina hakika, kwa maana wapo walioijua lugha sawasawa na kuitumia kuwafokea watu kwa ufasaha.

Kwa hiyo muda wa kukaa ndio unaopaswa kuamua. Anayetumwa kwa miaka miwili atumie mkalimani bila kuona haya, na mkalimani huyo afundishwe kazi, alipwe, wala asiwe jamaa wa anayehudumiwa. Masomo ya mgeni yawe ya salamu na ya majina ya watu. Anayetumwa kwa miaka kumi asamehewe majukumu mengine hadi lugha ikae, na shirika lisiloweza kugharimia muda huo liwasomeshe wenyeji kwa fedha hizo hizo. Mtihani wake usiwe mahubiri, kwa kuwa mahubiri huandikwa, husahihishwa na rafiki na kukaririwa. Akae na mzee wa lugha hiyo nusu saa, amsikilize bila kuandika, kisha amweleze mtahini mzawa yale aliyoambiwa, pamoja na yale ambayo mzee alikuwa akiyakwepa. Akishindwa arudi darasani, hata kama mahubiri yake ya Jumapili iliyopita yalisifiwa na usharika mzima.