Mtoto hayupo kwenye menyu

Jumapili iliyopita tulitoka ibada tukapitiliza kwenda kula, tulikuwa sita, mimi na baba watoto, watoto wetu watatu na mama mkwe ambaye yuko kwetu wiki ya pili sasa, katoka Mpwapwa. Tukakaa kwenye gadeni moja ya pembeni ya mji hapa Dodoma, zile zenye miti na vibanda vya makuti na bembea mbili kule nyuma. Tukaagiza kuku mzima wa kienyeji wa kuchoma, chipsi sahani tatu, ndizi choma, soda nne na maji. Oda imechukuliwa saa saba na nusu, kuku kafika mezani saa tisa na dakika kumi. Hapo katikati wa mwisho, ana miaka minne, ameshalia, ameshalala mapajani kwa bibi yake, ameshaamka analia tena, nikamfuata dada mhudumu nikamuuliza hamna hata chapati au andazi nimpoze huyu, akaniambia kwa upole kabisa, "mama nisamehe, hapa chakula ni cha oda tu, labda nikuletee soda nyingine." Bili ilipokuja ilikuwa 48,000.

Njiani tunarudi baba watoto akasema kile ambacho najua baba wengi wa mji huu wanakisema, kwamba ile hela ingepikwa nyumbani tungekula vizuri zaidi na ingebaki. Mi nikakataa. Tumebishana mpaka nyumbani na siku mbili zilizofuata, na kwa kuwa naona hii ishu iko kwenye nyumba nyingi nimeamua niiandike yote, upande wake na upande wangu, maana kusema kweli yeye hakukosea kwenye hesabu.

Hesabu yake ni hii. Kuku jike wa kienyeji mzuri pale soko la Majengo unampata kwa 20,000 hivi ukijua kupatana, viazi elfu tatu, mafuta na mkaa elfu tatu nyingine, soda ukinunua dukani elfu tatu haifiki. Weka 29,000 ukizidisha. Kwa hiyo tumelipa karibu elfu 20 juu ya chakula kilekile, na ukifanya hivyo kila wiki mbili ni elfu 40 kwa mwezi, hela ya daftari na viatu vya shule. Halafu akaongeza lingine ambalo lilinikaa rohoni kuliko hata hiyo hela. Alisema wa pili wetu, yuko darasa la pili, pale mezani alikuwa anasoma kwa sauti maandishi ya kwenye mwamvuli na kwenye viti, na yote yalikuwa majina ya bia. Ndio mazoezi ya kusoma aliyopata Jumapili ile. Na ni kweli, mimi mwenyewe nilimsikia nikanyamaza.

Sasa upande wangu. Hiyo elfu 20 mi najua inanunua nini, inanunua Jumapili yangu. Kuku wa kienyeji, hasa hawa wanaoletwa kutoka Singida, sio wa kutupia tu jikoni. Umchinje au umtafute wa kukuchinjia, umnyonyoe kwa maji ya moto, umbabue, umchemshe kwanza karibu saa nzima maana nyama yake ngumu ndio utamu wake, ndio umpake viungo umrudishe kwenye moto, na chipsi zenyewe kumenya viazi vya watu sita. Ukimaliza kuna masufuria yamekusubiri, na kama ni siku ya mgao wa maji unaosha kwa kukadiria ya kwenye ndoo. Hesabu ya baba watoto ina mkaa na mafuta ila mimi simo. Natoka kazini Ijumaa saa kumi na moja, Jumamosi ni kufua, Jumapili nikiingia jikoni tena kuanzia saa tano mpaka saa tisa basi wiki yangu haina hata siku moja. Na sijasikia mtu akiandika hiyo kwenye bajeti ya nyumba.

Kingine ni kilichotokea mezani wakati tunasubiri. Nyumbani watoto wangekula kwenye mkeka mbele ya katuni, baba na simu yake kibarazani, mimi jikoni, mama mkwe chumbani anapumzika. Pale gadeni hakuna pa kwenda, wote mmekaa. Mama mkwe alipoona watoto wamechoka kusubiri akaanza kuwahadithia habari za njaa, kwamba bibi yake aliiona ile njaa kubwa ya Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, inayoitwa Mtunya, wakati wa vita ya kwanza ya dunia na baada yake, miaka ya 1917 mpaka 1920, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita yakikomba nafaka na ng'ombe halafu mvua ikagoma, watu wakazagaa kutafuta chochote cha kutia mdomoni. Akawaeleza kwa nini mpaka leo yeye hawezi kuona ugali umebaki kwenye sahani. Mkubwa wangu, wa darasa la sita, akamuuliza maswali kama kumi. Nimeolewa miaka kumi na nne, hiyo habari nilikuwa sijawahi kuisikia. Ndio maana nikamwambia baba watoto, ile saa na nusu ya kusubiri ilituchosha kweli lakini hata mezani kwetu haijawahi kutokea vile.

Ila nikikaa nikafikiria vizuri naona sisi wawili tunabishana juu ya kitu ambacho si chetu peke yetu. Kwa nini kula nje na familia hapa Dodoma lazima iwe gadeni ya bia, lazima kusubiri hivyo, na lazima mtoto wa miaka minne ale sahani ya mtu mzima au alale njaa? Mi naona jibu liko kwenye jinsi mji wenyewe ulivyojengeka. Uamuzi wa makao makuu kuja hapa ni wa tangu 1973, lakini watu hasa walianza kumiminika baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba serikali yote inahamia, na Aprili 2018 tukawa jiji. Na waliokuja kwanza wengi walikuja bila familia. Mama na watoto wamebaki Dar kwa sababu ya shule na kazi ya mwenza, mtumishi kapanga chumba na sebule Area D au Kisasa, mchana anakula karibu na ofisi, jioni nyama na kinywaji, mpira kwenye TV. Weka na vikao vya Bunge, hasa kile cha bajeti cha Aprili mpaka Juni, mji unajaa wageni wenye posho. Mwenye mgahawa alipanga meza zake kwa ajili ya hao, na sio ujinga, ndio waliokuwa na hela.

Sasa mji umebadilika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa mjini, ya 2022 ikakuta 765,179. Hao sio watumishi peke yao, ni watoto wamezaliwa, ni familia zimehama, nenda Ilazo, Nzuguni, Iyumbu uone nyumba zilivyoota na vibasi vya shule asubuhi. Na wale ambao familia zao bado ziko Dar, tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma Julai 2024 ni chini ya masaa manne mtu kafika, Ijumaa jioni wanajaa stesheni na mabegi yao. Maana yake wikiendi, mteja aliyebaki mjini ni mimi na familia yangu. Halafu huyo mteja ndiye ambaye hayumo kabisa kwenye menyu.

Ngoja nimtetee na mwenye mgahawa maana naye ana lake. Kuna mama mmoja ana kijisehemu cha chakula karibu na tunapoishi, nilimuuliza juzi kwa nini hatengi sahani za watoto, akanieleza bila kuficha. Familia ya watu sita, anasema, inaagiza sahani tatu wanagawana, inakaa masaa matatu, soda inamwagika, karatasi za mkononi zinaisha, chooni maji yanaisha, na bili ni elfu 25. Meza hiyohiyo wakikaa wanaume wanne na bia zao anapata mara nne ya hiyo na jiko halisumbuliwi. Chakula faida yake nyembamba sana, bei ya mafuta ikipanda hawezi kupandisha chipsi kesho yake wateja wakamwelewa. Kuku hawezi kumbanika kabla hujafika kwa sababu usipofika hasara ni yake. Kwa hiyo bia ndiyo inayolipa kodi ya eneo, inalipa mlinzi, inalipa hata hizo bembea watoto wetu wanazochezea bure. Hiyo hoja sina cha kuijibu kirahisi. Zile kafe za katikati ya mji zisizouza pombe, zenye kiyoyozi na sofa, watoto wanakaa salama kabisa lakini bei inakutoa jasho, na sahani inakuja na chipsi za kuhesabu. Na migahawa yetu ya pilau na biriani isiyo na pombe, ambayo ndiyo ingetufaa sana, mingi imekaa kimchana, wafanyakazi wakiondoka na chakula kimeisha.

Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji hela ya bia, hapo ndipo namlaumu. Nusu sahani inagharimu nini? Chipsi za 1,500 na kipaja kimoja, mtoto anamaliza, mzazi halipii kinachobaki. Sufuria moja la maharage na chapati zilizopikwa asubuhi, kitu cha kumwekea mtoto ndani ya dakika tano wakati kuku anaendelea kuiva, hiyo sio hasara, chapati isipoliwa na mtoto italiwa na mhudumu au mteja wa jioni. Mziki nao, mchana saa nane spika imefunguliwa mpaka kifua kinatetemeka na waliokaa ni familia tatu tu, nani anaburudika? Siombi wafunge baa. Naomba mpaka saa kumi na mbili jioni sauti iwe ya watu kuongea, baada ya hapo sisi wenye watoto tutakuwa tumeshaondoka wenyewe. Na mwamvuli mmoja mwekundu au wa kijani usio na jina la bia upande wa bembea, hata kitambaa tu.

Kuna hili la chakula chenyewe pia linaniuma kama mtu niliyeolewa Ugogo. Mama mkwe alipopewa ile karatasi ya menyu aliniomba nimsomee, nikasoma, chipsi kuku, chipsi mishkaki, chipsi mayai, makange, wali nyama. Akauliza, "mlenda hamna?" Mhudumu akacheka, akidhani mama anatania. Tuko Dodoma, uwele na mtama unalimwa hapa, mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza, unakaushwa kila nyumba kijijini kwa ajili ya kiangazi, maana mvua yetu ni ya msimu mmoja tu Desemba mpaka Aprili, na huwezi kuupata Jumapili mezani ukiwa na hela yako mkononi. Unaupata kwa mama ntilie siku za kazi, kwenye benchi, ugali wa uwele na mlenda na dagaa kwa bei ndogo tu, ambapo familia na kitoto haina pa kukaa. Zabibu zetu vilevile, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, pembeni ya barabara wanauza kwenye ndoo, lakini sehemu nyingi tulizokaa mtoto akiomba juisi anapewa ya boksi iliyotoka kiwandani mbali huko. Kama lengo la kuwatoa watoto ni wajue kwao, basi chipsi za Dodoma hazina tofauti na chipsi za Tabata kule Dar.

Baba watoto nimemsomea mpaka hapa. Amekubali kwamba mimi sikuwemo kwenye hesabu yake, ila kwenye majina ya bia hajarudi nyuma na mi sikumlazimisha, kwa sababu yuko sahihi, na kama kungekuwa na sehemu yenye kivuli na nafasi bila pombe kwa bei yetu, nisingekanyaga gadeni na watoto hata siku moja. Tulichokubaliana ni kwamba tutatoka mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki mbili, na mchana tu, saa kumi na moja ikifika tumeshanyanyuka. Mama mkwe anaondoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo Jumapili hii tunamtoa tena. Ijumaa nitapiga simu kule kule, namba ya jikoni nilimuomba yule dada mhudumu, niweke oda ya kuku na nitume nusu ya hela kabisa ili wambanike mapema tumkute tayari saa saba. Chapati za wa mwisho nitabeba kwenye mkoba. Na mlenda nitaupika Jumamosi usiku, mama mkwe ameshaniambia ule mkavu aliokuja nao bado upo kwenye mfuko wake, tumuulize mwenye gadeni kama atatukubalia tuweke bakuli mezani kwake.