Msimu huu mpira apewe yule mfupi

Jumamosi iliyopita uwanja wetu wa kikapu ulijaa watu kuliko siku yoyote tangu chuo kifunguliwe. Wengine walikaa kwenye ngazi za bweni, wengine walisimama kando ya uzio na chipsi zao mkononi, na wote walikuja kumwona mtu mmoja: kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Makete, mrefu kiasi kwamba akinyoosha mkono bila kuruka, vidole vinagusa wavu. Alipodaka ribaundi ya kwanza, mpira uliokosa ukarudi kutoka ringi, na kuirudisha ndani, kelele zilifika mpaka kituo cha bajaji. Tangu hapo kwenye magrupu ya WhatsApp habari ni moja tu. Tumepata senta, yule mrefu wa chini ya ringi, kombe letu msimu huu.

Nami nilifurahi, tena sana. Timu hii nimeichezea miaka mitatu, na baada ya kuhitimu nikapata kazi hapahapa Mbeya, kwa hiyo jioni nikitoka kazini napitia uwanjani kabla ya kurudi nyumbani Nzovwe. Matokeo yake yananiuma na kunifurahisha kama ya ndugu yangu wa damu. Ndiyo maana nalazimika kusema jambo ambalo wiki hii wengi hawataki kulisikia: msimu wetu hautaamuliwa na senta. Utaamuliwa na mtu atakayemfikishia mpira.

Mnaikumbuka mechi iliyotutoa msimu uliopita. Tulimaliza robo ya tatu tukiongoza kwa pointi tisa. Mwanzoni mwa robo ya nne pointi gadi wetu, yule anayeuleta mpira mbele, akapata faulo ya tano, ile inayomtoa mchezaji, akatoka. Walichofanya wapinzani baada ya hapo hakikuwa na siri yoyote: walipanda, wakaanza kutukaba uwanja mzima. Sheria inakupa sekunde 8 kuuvusha mpira mstari wa kati. Ukiwa umekaa pembeni unatazama, sekunde 8 ni nyingi. Ukiwa umebanwa kwenye kona, watu wawili mbele yako wamenyanyua mikono, ni kufumba na kufumbua.

Nilikuwa na kaunta buku yangu mapajani, naandika kama kawaida. Katika robo ile tulipoteza mpira mara kumi na moja kabla hata ya kurusha. Mara mbili refa alipuliza kwa kuzidi sekunde 8. Mara nyingine fowadi wetu, kijana mwenye nguvu ambaye chini ya ringi hakuna anayemsogeza, alilazimika kudribo katikati ya watu wawili, mpira ukamgonga mguuni na kutoka nje. Aliinama akashika magoti, akabaki hivyo mpaka mwenzake alipokuja kumwinua. Na upande wa pili wa uwanja senta wetu, ambaye sasa amehitimu, alisimama peke yake karibu na ringi, mkono juu, akiomba mpira ambao haukumfikia. Tulifungwa kwa pointi nne.

Senta yule angeongezewa nusu mita, mkono wake ungebaki juu vilevile, mtupu.

Najua jina linalotajwa kila anapoonekana kijana mrefu katika nchi hii. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mita 2.21, mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaenda Memphis Grizzlies. Ni fahari yetu sote na ana haki ya kutajwa. Lakini wanaomtaja hawamalizii hadithi. Mwaka huohuo wa 2009, kabla ya kuteuliwa, alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, na timu yao ilifika nne bora ya vyuo vya Marekani. Yeye alikuwa ukuta wa timu, hilo halina ubishi. Aliyekuwa akiuleta mpira ni gadi A.J. Price, na benchi kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Kemba Walker, mfupi kwa vipimo vya mchezo ule. Hasheem akaondoka. Miaka miwili baadaye, 2011, chuo kilekile kikachukua ubingwa wa taifa bila Hasheem, na aliyewabeba mgongoni mashindano mazima ni huyohuyo Kemba Walker.

Sisemi mrefu hana maana. Nasema mrefu anakula alichopelekewa.

Sasa huyo wa kupeleka tunaye. Wengi mnamjua kwa sura tu, kwa sababu msimu uliopita alikaa benchi karibu wakati wote. Yuko mwaka wa pili, anatoka Kyela, na kimo chake kinaishia begani kwangu. Kikapu alijifunzia kwenye uwanja wa udongo wa shule ya sekondari, mahali ambapo mpira ukikutana na kijiwe unakwenda unakotaka wenyewe. Aliyekulia kwenye udongo hujifunza kudundisha chini, mkono usiachane na mpira kwa muda mrefu, na ndivyo anavyocheza mpaka leo. Mpira wake haupandi kupita goti. Ukijaribu kuupokonya, unakuta alishabadilisha mkono.

Mwezi wa tatu nilimwona kwa jicho lililonibadilisha. Ilikuwa ile mvua ya Mbeya inayoanza saa nane mchana na haina haraka ya kuisha. Uwanja ulishakuwa bwawa, mazoezi yakaahirishwa, watu wakakimbilia vyumbani. Nilikuwa nimejibanza chini ya paa nikingoja ipungue, nikasikia mdundo kutoka upande wa bwalo. Nikasogea. Kwenye kibaraza, katikati ya ndoo na viti vya plastiki alivyovipanga mstari, alikuwa peke yake, mkono wa kulia ameufunga nyuma kwa shati la michezo, anadribo kwa wa kushoto tu. Anakipita kiti, anageuka, anakipita kingine. Wakati huohuo mama mmoja wa jikoni akatokea na sufuria kubwa ya maharage, inafuka moshi, akasimama.

"Mwanangu, utanimwagia maharage."

"Shikamoo mama. Pita tu, nakuona."

Alisema hivyo akimtazama mama usoni, hakuangalia chini hata mara moja. Mama akapita katikati ya viti na sufuria lake. Mpira haukusita.

Wanaojua mchezo wanaelewa kwa nini nimekaa hapa kwa muda. Gadi anayetazama mpira wake hawezi kumwona mwenzake aliye huru, na kukaba uwanja mzima kunamnasa mtu wa namna hiyo hasa. Mwenye kichwa juu anaona watu wawili wanamjia, naye anajua kuwa wakija wawili kwake, mahali fulani uwanjani kuna mmoja hana mtu.

Mechi ile iliyotutoa, mwezi wa tano, tulipokuwa tunapokonywa mpira mara moja baada ya nyingine, kijana huyo alikuwa amekaa benchi, jaketi limefungwa zipu mpaka shingoni. Naelewa hofu ya benchi la ufundi. Alikuwa mwaka wa kwanza, mfupi, na mechi ilikuwa ya kutoana. Hata hivyo ni usiku ambao bado unanirudia nikilala.

Tena kuna suala la uwanja, na hapa wote tunalijua tatizo. Hatuna paa. Chuo kinafunguliwa, tunaanza kukusanya timu, na mvua za Novemba zinaanza kuhesabu nasi siku. Zinakwenda hadi Aprili. Maji yanashuka kutoka mteremko wa juu, yanasimama kwenye nyufa za sementi, na asubuhi wachezaji wanaanza kwa mafagio na magunia kabla ya kugusa mpira. Mfereji mmoja upande wa juu ungepunguza nusu ya shida hiyo, na naamini wahitimu tukichangishana tunaumaliza kabla ya Krismasi. Lakini hata bila mfereji, kurusha na kukaba kwa pamoja vinahitaji uwanja, dribo haihitaji. Kibaraza cha bwalo kinatosha. Timu yenye mvua nyingi kama yetu ingepaswa kuwa na mikono bora kuliko vyuo vyote vya nchi hii.

Kingine ni hewa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na timu inayotoka pwani ikija hapa, robo ya pili utawaona wanavuta pumzi kwa mdomo. Vijana wetu damu yao imeshazoea. Faida hiyo tumekuwa tukiichezea vibaya miaka yote, kwa sababu tunatembea. Tunapata ribaundi, tunasimama, tunaitafuta pasi, tunafika mbele zile sekunde 24 za kushambulia zimeshaliwa karibu theluthi, na mgeni amepumzika. Tukimpa mpira mtu anayeweza kuuvusha kwa sekunde tatu nne, mgeni atakimbia asipende. Kufikia robo ya nne tutakuwa tunacheza na watu waliochoka.

Turudi kwa kijana wa Makete, maana sitaki aonekane namdharau. Ana mikono mizuri na ana moyo, ribaundi anaifuata mpaka chini. Ila nimemwangalia mazoezi matatu sasa, na kila mpinzani akiingia ndani anashusha mikono kuupiga mpira. Marefa watamhesabia, na faulo tano zinaisha upesi. Pia, baada ya mazoezi Jumamosi alibaki kupiga mitupo huru. Alipiga kumi, zikaingia tatu. Wapinzani wenye akili watalijua hilo kabla ya mechi ya tatu, na timu ikishafikisha faulo ya tano katika robo kila faulo inampeleka kwenye mstari, kwa hiyo watamshika makusudi pale kila pointi inapohesabika. Mdogo wangu, kama unasoma: mitupo mia moja kila asubuhi, kabla ya chai, hata mkono ukiwa wa baridi. Utanishukuru mwezi wa nne.

Dada zetu wako mbele yetu katika jambo hili. Timu yao inaanza na gadi wawili, mmoja akibanwa mwenzake anashuka kuchukua, na msimu uliopita sikuona timu iliyowakaba uwanja mzima ikadumu nao hata robo moja. Wavulana wangekaa pembeni kuwatazama jioni mojamoja.

Basi nategemea nini? Nyumbani tutashinda mechi nyingi, hilo silitilii shaka. Kazi iko Iringa. Mji wenye vyuo kama Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa haukosi vijana wa kucheza. Unatoka Uyole alfajiri, Igurusi, Chimala, Makambako, Mafinga, unashuka kwenye basi miguu imekufa ganzi, unasalimiwa "kamwene" ya Kihehe kwa upole, na saa mbili baadaye watu haohao wapole wanakubana kwenye kona bila huruma. Tena Iringa nako ni juu, hewa haitatusaidia kitu. Kule ndipo tutakapojua. Tukienda na mpango wa kumrushia senta mipira mirefu tukiomba Mungu, tutarudi na vichapo. Tukienda na yule wa Kyela akiwa ameshazoea kuanza, naona tukigawana nao mechi, na kwenye mashindano ya vyuo naona nusu fainali. Kombe ni la msimu ujao, kijana wa Makete akishapata mwaka mmoja mwilini na mitupo huru mkononi.

Mwalimu, shikamoo. Najua huwa unapita kusoma ninachoandika, na najua timu ni yako, si yangu. Ombi langu ni mechi tatu za kirafiki. Aanze yeye zote tatu, na akipoteza mpira asitolewe papo hapo, aachwe aurudishe mwenyewe. Waambie hata wageni watukabe uwanja mzima kuanzia dakika ya kwanza, tumwone. Nami nitaandika kila mpira utakaopotea na kila utakaofika, nikuletee kurasa uzisome mwenyewe.

Ya kwanza ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, mvua ikituruhusu. Nitafika saa mbili na fagio langu.