Tobo la Eksozi Lina Miguu

Mtu akikwambia Tanga ni mji wa utulivu, mwulize kama amewahi kumiliki pikapu ya dizeli namba A, yaani ya usajili wa zamani. Mimi ninayo. Hilux ya injini ya 2L, lita 2.4, haina turbo, haina kompyuta, haina hata kioo cha abiria kinachokubali kushuka. Injini siilaumu. Ukiipa mafuta safi na oili kwa wakati wake itakuzika wewe, na mchele wa hitima yako itaubeba yenyewe. Tabu yangu ni bomba la moshi, eksozi.

Wageni wanakuja Raskazone kupunga upepo, wanasema Tanga raha. Raha gani? Upepo ule umejaa chumvi, na chumvi ikishakiona chuma hailali. Halafu kuna adui wa ndani. Dizeli ikiungua inatoa na mvuke wa maji. Ukienda mbali, bomba linapata joto, mvuke unatoka wote. Sasa mimi kutwa Chumbageni na Mgandini, Mgandini na Ngamiani, bomba halijashika moto nimeshazima. Maji yanabaki kwenye sailensa, yanatafuna. Chumvi inakula nje, maji yanakula ndani, siku zikikutana mtaa mzima unapata habari.

Nikampelekea kijana wa kuchomelea. Kaingia chini ya gari na kiraka cha bati, anataka kuwasha mashine, betri imefungwa vilevile. Nikapiga kelele: "Chomoa hasi kwanza, utaniunguzia alteneta!" Akacheka. "Mzee, gari hili lina umeme gani wa kuungua?" Kachomoa kwa kunionea huruma. Lakini bomba lenyewe kutu imelifanya karatasi, kila akiligusa na fito ya kuchomelea linafunguka. Tobo lililokuwa la punje ya mtama likatoka la kupitisha limau. Akaziba. Siku chache mbele, tobo jingine, hatua moja kutoka kwenye kiraka. Kiraka kizima, jirani yake kafa. Nikaziba la pili, likahamia mbele ya raba ya kuning'inizia. Tobo hili lina miguu, nawaambieni.

Na ushauri sasa! Barazani kila mtu mhandisi. Mmoja kanifunga kopo la maziwa ya unga kwa waya, likadumu mpaka tuta la kwanza. Mwingine akasema paka sabuni ya kipande. Sabuni inaziba tenki la mafuta linalovuja, hilo nalijua, lakini kwenye eksozi ilichofanya ni kuungua, gari zima likanukia kama kamba ya nepi.

Kelele nayo imenivunjia heshima. Wenzangu wakipigiwa simu wanasema "nipo njiani, nakaribia," kumbe wako kitandani. Mimi mke wangu ananiambia, "Baba Zuhura, nimekusikia Barabara ya 8 umezima injini. Umekaa na nani?" Dukani kwa Mpemba ndiyo msiniulize. Sijakata kona, keshatoka na daftari la madeni.

Tungecheka tu kama moshi ungebaki nje. Unapanda kwenye sakafu ya kebini. Mke wangu kaenda harusini, udi wote aliojifukiza ukashindwa na dizeli. Nikamweleza utingo wangu kwamba mwaka 2012 watu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema wazi moshi wa dizeli unasababisha saratani. Kijana akakishika kioo cha upande wake akinyonge. Kioo kikagoma. Tukaendelea na safari, kila mtu anavuta pumzi kwa zamu.

Juu ya hayo, asubuhi injini ilikuwa inalia tik-tik-tik. Fundi wa kwanza: tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali za injini. Akafungua, akapima, akafunga, nikalipa, tik-tik-tik. Wa pili: tapeti hazikurekebishwa vizuri. Nikalipa tena. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mabawa, fundi wa zamani, suruali yake ukiitundika inasimama yenyewe kwa grisi. Akasema niliache kwake lilale. Asubuhi injini ikiwa baridi kawasha, kanipa tambara nikalibane mdomo wa bomba kule nyuma, yeye kamwagia maunganisho maji ya sabuni ya unga. Pale manifoldi, chuma kinachokusanya moshi wa injini, inapokaa kwenye silinda hedi povu likafura. Akanionyesha na masizi meusi pembeni ya gasketi inayoziba kati yao.

"Tapeti hazipaki masizi, mwanangu. Na hii ikipata moto inatulia kwa sababu chuma kinatanuka, kinaziba."

Stadi mbili, zile bolti zisizo na kichwa, zilikuwa zimekatikia ndani. Moja kaichomelea nati juu yake, akaizungusha ikiwa bado ya moto, ikaja na mlio wa mlango wa msikiti wa zamani. Ya pili ikakataa kata kata, ikabidi itobolewe na kukatwa uzi upya. Manifoldi imepinda, ikaenda kusagwa uso wake unyooke. Gasketi mpya, nati zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na bomba la nyuma lote, na viraka vyake vyenye miguu, likatupwa kwa wa vyuma chakavu, likafungwa jipya. Bei sisemi, mke wangu anasoma.

Sasa gari limenyamaza. Juzi nimetoka saa kumi alfajiri kufuata nazi Pangani, narudi nakuta bibi wa vitumbua amenisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, umeniharibia biashara. Mimi huamka na gari lako. Leo nimelala mpaka unga umeumuka ukamwagika, na watoto wa shule wamepita njaa."

"Bibi, si uweke kengele ya simu?"

"Kengele ya simu niisikie kwa masikio gani? Kesho ukipita, piga honi."

Honi ya gari hili ilikufa zamani. Nilipotaka waendesha baiskeli wanipishe nilikuwa nakanyaga mafuta tu, eksozi inawaambia yenyewe.